Brosha ya Kurasa Nyingi: Jinsi ya Kumkabidhi Mteja Faili Linalochapika

Vijana wengi wenye ujuzi wa kompyuta wanajipatia riziki kwa kubuni brosha za shule, zahanati, vyama vya ushirika, makanisa, misikiti na vikundi vya akina mama. Kazi hii haihitaji mtaji mkubwa, lakini ina hasara zake. Brosha inaweza kupendeza kwenye kompyuta ya mbunifu, kisha mteja akiifungua kwenye simu akute maandishi yamehama. Inaweza pia kufika kwa mpiga chapa, na karatasi zinapokatwa maneno ya pembeni yakaenda na kisu.

Somo hili linaeleza hatua za kufuata tangu brosha inapokamilika kwenye kompyuta hadi inapowekwa mtamboni. Linawafaa wabunifu na wateja pia, kwa maana wino ukishagusa karatasi, kosa halifutiki. Ni lazima mtu alipie kuchapa upya.

Chukua mfano wa kikundi cha wafugaji nyuki kinachotaka brosha ya kurasa 8 za ukubwa wa A5, nakala 500, za kugawa kwenye maonyesho ya kilimo. Katibu wa kikundi anatumia simu tu. Mbunifu anaishi mji mwingine, na mpiga chapa ana duka lake Nairobi. Watu hawa watatu huenda wasikutane ana kwa ana. Kinachowaunganisha ni faili.

Kwa nini PDF

Faili ambalo mbunifu analifanyia kazi hufunguka sawasawa kwenye kompyuta yenye programu ileile, fonti zilezile na picha zilezile. Likipelekwa kwenye kompyuta isiyo na fonti hizo, kompyuta huweka fonti nyingine. Mistari inahama, aya inamwagika hadi ukurasa wa pili, na hata alama ya ritifaa katika neno kama "ng'ombe" inaweza kugeuka kisanduku kitupu.

Muundo wa PDF ulitolewa na kampuni ya Adobe mwaka 1993 ili ukurasa uonekane vilevile kwenye mashine yoyote. Tangu mwaka 2008 ni kiwango cha kimataifa cha shirika la ISO. Programu za bure kama Scribus na LibreOffice zinaweza kutoa PDF, na vilevile Canva. Mbunifu ahakikishe kwamba fonti zote zimepachikwa ndani ya faili kabla ya kulituma.

Kurasa zote 8 ziwe ndani ya faili moja. Kumtumia mteja picha nane kwenye WhatsApp kunaleta matatizo mawili: mpangilio wa kurasa unavurugika, na ubora wa picha hupunguzwa zinapotumwa. PDF itumwe kama hati, ndipo ifike jinsi ilivyo.

Mafaili mawili, kazi mbili

Makosa mengi hutokana na kutumia faili moja kwa kazi mbili tofauti. Mbunifu anapaswa kutayarisha mafaili mawili.

La kwanza ni faili la kukagua. Hili liwe jepesi ili katibu wa kikundi alifungue kwenye simu bila kumaliza bando. Kurasa zifuatane kama zitakavyosomwa, kuanzia 1 hadi 8. Kila ukurasa uandikwe kwa herufi hafifu: NAKALA YA KUKAGUA, SI YA KUCHAPA. Maneno hayo humlinda mteja asichapishe toleo lenye makosa, na humlinda mbunifu ambaye hajalipwa.

La pili ni faili la kuchapa. Hili ni zito, na linapaswa kutimiza masharti yafuatayo:

- Picha ziwe na nukta 300 kwa kila inchi katika ukubwa zitakaochapwa. Picha ya kujaza ukurasa wa A5, wenye milimita 148 kwa 210, inahitaji nukta zipatazo 1,750 kwa 2,480. Picha ndogo ikivutwa ijaze ukurasa itatoka na ukungu, hata kama kwenye simu ilionekana safi.
- Rangi au picha inayofika ukingoni izidishwe milimita 3 nje ya mstari wa kukata, kila upande. Hivyo ukurasa wa A5 unakuwa milimita 154 kwa 216 kabla ya kukatwa. Bila nyongeza hiyo, kisu kikiteleza kidogo mstari mweupe utabaki pembeni.
- Maandishi na nembo vikae ndani, angalau milimita 5 kutoka mstari wa kukata.
- Rangi ziwe katika mfumo wa chapa. Skrini hutengeneza rangi kwa mwanga mwekundu, kijani na buluu, ilhali mtambo hutumia wino wa samawati, majenta, manjano na mweusi. Kijani kinachong'aa kwenye simu huweza kutoka kimefifia kwenye karatasi. Mteja aelezwe jambo hili mapema.

Faili la kuchapa likizidi megabaiti 25, Gmail haitalibeba kama kiambatisho cha kawaida. Litumwe kwa kiungo cha hifadhi ya mtandaoni au lipelekwe kwa flashi. Kabla ya yote, mbunifu ampigie simu mpiga chapa na kumuuliza masharti ya mtambo wake, kwani si maduka yote yanayofanana.

Idadi ya kurasa igawanyike kwa nne

Brosha inayokunjwa na kupigwa pini katikati hutengenezwa kwa karatasi zinazobeba kurasa nne kila moja, mbili mbele na mbili nyuma. Kwa hiyo inakuwa na kurasa 8, 12 au 16. Kikundi kikiongeza maelezo hadi ukurasa wa 9, itabidi kilipie kurasa 12 au kipunguze maneno. Ni vyema jambo hili liamuliwe kabla ya kazi ya kubuni kuanza.

Kwenye karatasi, kurasa hazifuatani kama zinavyosomwa. Kwa brosha ya kurasa 8, ukurasa wa 8 hukaa kando ya wa 1, wa 2 kando ya wa 7, wa 6 kando ya wa 3, na wa 4 kando ya wa 5. Mbunifu asijipe kazi ya kuzipanga hivyo. Atume ukurasa mmoja mmoja kwa mfuatano wa kawaida, na mpiga chapa atazipanga kwa programu yake. Zikipangwa mara mbili, brosha nzima inavurugika.

Karatasi moja ya A4 inayokunjwa kuwa sehemu tatu ina hesabu nyingine. Faili lake lina kurasa mbili tu, mbele na nyuma. Sehemu inayokunjiwa ndani inapaswa kuwa nyembamba kidogo, kwa mfano milimita 97, na nyingine mbili milimita 100 kila moja. Zikiwa sawa, sehemu ya ndani itajikunja na brosha haitafunga vizuri.

Ukaguzi wa mteja

Mteja asiishie kutazama faili kwenye simu. Nakala moja ichapwe saiba kwa karatasi ya kawaida, ikunjwe, ipigwe pini, kisha apewe mtu ambaye hakushiriki kuitayarisha. Aisome kwa sauti. Nambari za simu zipigwe. Nambari ya malipo ijaribiwe kwa kulipa kiasi kidogo, na jina linalotokea lilinganishwe na la kikundi. Tarehe ilinganishwe na siku ya juma. Majina ya watu na ya mahali yaangaliwe kwa makini, kwa kuwa kompyuta iliyowekwa lugha ya Kiingereza hubadilisha maneno ya Kiswahili bila kuuliza.

Masahihisho yakusanywe na mtu mmoja na kutumwa kwa pamoja yakiwa yameandikwa: ukurasa wa ngapi, mstari wa ngapi, kilichopo ni nini, kinachotakiwa ni nini. Maagizo ya mdomo kutoka kwa wanachama watano huzaa matoleo matano.

Kila toleo lipewe nambari na tarehe katika jina la faili. Majina kama "ya mwisho" na "ya mwisho kabisa" ndiyo yanayomfanya mpiga chapa achape faili la zamani.

Mteja akiridhika, aandike ujumbe wa kukubali, kwa mfano: "Tumekagua kurasa zote 8 za toleo la 4. Tumekubali zichapwe nakala 500 za A5." Ujumbe huo uhifadhiwe na pande zote. Kosa likionekana baadaye, utaonyesha kama lilikuwemo kwenye toleo lililokubaliwa au liliingia baada ya hapo, na hapo itajulikana nani analipa. Hata baada ya kukubali, mpiga chapa aombwe nakala moja ya sampuli kwenye karatasi itakayotumika kabla ya kuchapa zilizobaki.

Wanaotafuta zabuni

Sheria inatenga angalau asilimia 30 ya zabuni za serikali kwa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu, na kazi za uchapishaji zimo. Chini ya Sheria ya Ununuzi wa Umma na Uuzaji wa Mali ya mwaka 2015, bidhaa zinazoletwa hukaguliwa na kamati ya ukaguzi na upokezi, inayozilinganisha na mkataba. Brosha zenye ukubwa, karatasi au idadi tofauti na iliyoagizwa zinaweza kukataliwa, na aliyezileta akabaki na mzigo pamoja na deni la mpiga chapa. Mwenye zabuni ahakikishe vipimo vya faili vinalingana na vilivyo kwenye hati ya kuagiza, kabla ya kutoa hata shilingi moja kwa mpiga chapa.

Picha za watu nazo zina sheria yake. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inalinda taarifa za mtu binafsi, picha yake ikiwemo. Mwenye picha aombwe idhini, na kwa mtoto idhini itoke kwa mzazi au mlezi. Kiungo cha faili kisiachwe wazi kwa kila mtu. Kifunguliwe kwa wahusika tu na kifungwe kazi ikiisha.

Mapatano kabla ya kazi

Mbunifu na mteja waandikiane mambo manne mwanzoni: idadi ya masahihisho yaliyomo kwenye bei, siku ya mwisho ya kupokea masahihisho, nani atamlipa mpiga chapa, na kama mteja atapewa pia faili la kufanyia kazi. Hili la mwisho husahaulika. Mwaka ujao bei ya asali ikibadilika, kikundi chenye PDF peke yake kitalazimika kumtafuta mbunifu yuleyule au kuanza upya.

Wakazi wasio na kompyuta wanaweza kufanya mazoezi katika vituo vya Ajira Digital vilivyo karibu nao. Mazoezi mazuri ya kuanzia ni brosha ya kurasa nne: itolewe mafaili mawili, ichapwe nakala moja, ikunjwe, kisha ikaguliwe kwa hatua zilizoelezwa hapa.