Wakala anataka pesa kabla ya kazi

Swali: Nauza nyanya sokoni Kalerwe, Kampala. Kaka mmoja aliyeletwa na jirani ameniahidi kazi ya duka kubwa Dubai. Anataka shilingi 800,000 za vipimo vya afya, nimtumie kwa simu, na nimpe pasipoti yangu. Tutapitia Busia hadi Nairobi. Nimwamini?

Jibu: Hapana, dada yangu. Usimpe pesa wala pasipoti.

Kinachonitisha zaidi ni hiyo njia ya Busia. Mfanyakazi mwenye karatasi kamili huondokea Entebbe, ana viza ya kazi na mkataba unaojulikana na Wizara ya Jinsia, Kazi na Maendeleo ya Jamii. Anayekuzungusha Nairobi anakwepa maswali ya maofisa, na ukifika Dubai hutakuwa na mkataba wa kudai mshahara. Wapo walioahidiwa duka wakajikuta wanafanya kazi za ndani, pasipoti zao zimefungiwa na tajiri.

Muulize jina la kampuni. Kisha litafute kwenye mfumo wa wizara uitwao EEMIS, uone kama leseni yake bado hai. Intaneti ikikushinda, nenda wizarani mwenyewe. Ukilikuta, ulizia ofisini kwao kama wanamtambua, maana matapeli huazima majina ya kampuni halali. Malipo yoyote yaende kwa kampuni, kwa risiti.

Akiwa ameshachukua chochote, ripoti polisi na uhifadhi jumbe zake zote. Sheria ya Uganda ya 2009 dhidi ya usafirishaji haramu wa binadamu inamgusa hata kabla hujavuka mpaka. Jirani yako naye mwambie leo.