Hotuba na Ulumbi: Kuishawishi Hadhira

Katika tamthilia ya *Kigogo* ya Pauline Kea, Majoka ana mamlaka na polisi. Tunu hana silaha ila maneno, lakini mwishowe umati unasimama naye. Je, maneno hupata wapi nguvu hiyo?

Maana ya ulumbi

Ulumbi ni uhodari wa kutumia lugha kwa ufasaha na kwa ushawishi mbele ya watu. Ni kipera cha mazungumzo katika fasihi simulizi, na msemaji wake huitwa mlumbi. Watahiniwa wengi hutaja sifa zake upesi: ni jasiri, mcheshi, ana kumbukumbu nzuri na anaimudu lugha. Wengi husahau iliyo muhimu zaidi: mlumbi anaijua hadhira yake.

Kielelezo: Tom Mboya

Tom Mboya amezikwa katika Kisiwa cha Rusinga, Kaunti ya Homa Bay, kaunti lilimo pia Bonde la Lambwe. Desemba 1958, akiwa na umri wa miaka 28, aliongoza kongamano la Waafrika mjini Accra, Ghana. Wajumbe walijua jinsi wakoloni walivyoligawana bara mjini Berlin mwaka wa 1884 na 1885. Mboya alilichukua neno la Kiingereza linalotaja unyakuzi huo, akalikata likawa amri fupi ya kuwafukuza. Kila mjumbe alielewa.

Mwaka wa 1959 alizungumza na hadhira nyingine, Wamarekani. Hapo aliomba vitu mahususi: nafasi za masomo vyuoni na nauli ya ndege. Septemba mwaka huo, wanafunzi 81 walisafiri kwenda Marekani. Tazama tofauti: hadhira ilipobadilika, maneno na ombi vilibadilika pia.

Hatua za kufuata

Chukua kwamba umeitwa kuzungumza katika baraza la chifu huko Lambwe. Mbung'o kutoka vichaka vya Mbuga ya Ruma huwaambukiza ng'ombe ugonjwa wa nagana. Ungependa wafugaji wawapulizie mifugo wao dawa.

1. *Anza na wanachokijua.* Usianze kwa kueleza mbung'o ni mdudu gani. Wazee hao wamemjua kabla hujazaliwa. Sema: "Bwana Chifu, wazee wetu, akina mama na vijana wenzangu, hamjambo? Ni nani hapa hajaona ndama akikonda ilhali nyasi zimejaa?" Umezingatia itifaki, kisha swali la balagha limewaingiza katika hoja.

2. *Toa hoja yenye sababu.* "Ng'ombe aliyepuliziwa dawa huwa mtego: mbung'o akitua juu yake, hufa. Tukipuliza wengi kwa pamoja, mitego ni mingi. Kidole kimoja hakivunji chawa."

3. *Jibu pingamizi kabla halijatajwa.* "Najua dawa ina gharama, na kwa wengine wetu ni mzigo. Lakini ndama aliyekufa ana bei gani?" Usiidharau shida ya msikilizaji, wala usiahidi usichoweza kutimiza. Hadhira ikigundua uongo mmoja, hata ukweli wako hautaaminika.

4. *Omba jambo moja linalowezekana.* "Naomba tukubaliane leo: Jumamosi hii sote tupeleke ng'ombe wapuliziwe dawa." Ukiomba mambo matano, watu watarudi nyumbani bila hata moja.

Katika mtihani

Insha ya hotuba huwa na kichwa, utangulizi wenye salamu na itifaki, mwili na hitimisho. Tumia nafsi ya kwanza, na uitaje hadhira tena katikati ya mwili ili isikike kuwa unazungumza nayo. Methali moja iliyokaa mahali pake ina thamani kuliko kumi zilizorundikwa. Ukimaliza kuandika, jiulize: msikilizaji akiondoka hapa, atafanya nini? Kama huna jibu, umetoa maelezo tu, bado hujashawishi.

Zoezi

1. Eleza sifa nne za mlumbi. (alama 4)
2. Kwa kurejelea kielelezo cha Mboya, onyesha jinsi hadhira huathiri maneno ya msemaji. (alama 4)
3. Wewe ni kiongozi wa wanafunzi. Wazazi wa kijijini mwenu wanataka kuwaondoa wasichana shuleni ili wasaidie nyumbani. Andika hotuba utakayoitoa katika mkutano wa wazazi kuwashawishi wabadilishe nia. (alama 20)