Dondoo muhimu: Mshahara ufike mwisho wa mwezi

• Weka kwanza, tumia baadaye. Pesa ikiingia tu, tenga ya akiba kabla hujapita dukani. Shilingi 1,000 kwa siku ni 365,000 kwa mwaka.

• Punguza vitu vya kupima. Mafuta ya kikombe na sukari ya robo huonekana nafuu, lakini jumlisha mwezi mzima: aliyenunua dumu la lita 5 kakuacha mbali. Mfuko haujatuna? Changeni na jirani, mgawane.

• Toa kwa mkupuo. Kila ukitoa pesa ya simu kwa wakala unakatwa ada. Kutoa 10,000 mara tano kunakula zaidi kuliko kutoa 50,000 mara moja.

• Kibubu kisilale na hela. Kikijaa, kivunje upeleke benki au kwenye VICOBA yenye katiba na daftari linalosomwa mbele ya wanachama wote.

• Andika kila kitu. Vocha, bodaboda, soda ya mchana, hata mia mbili ya karanga. Wiki mbili zikipita utaliona tundu linapovujia, na hapo ndipo pa kuziba.