Nani Anakungoja? Maswali na Majibu Kuhusu Kushika Hatamu za Maisha Yako

Sisi washauri nasaha tunaulizwa maswali haya kila mahali, hata msibani, mtu akishajua tu kazi yako. Nimeyafupisha, nikaondoa chochote kinachoweza kumtambulisha muulizaji.

Nimemaliza chuo, nina shahada ya uhasibu, lakini bado niko mtaani. Nimeomba kazi mpaka nimechoka. Naona maisha yamesimama. Nifanye nini huku nikingoja?

Yaliyokupata yaliwapata vijana wengi wa Vienna, Austria, mwanzoni mwa miaka ya 1930. Uchumi wa dunia ulikuwa umeporomoka na ajira hakuna. Daktari kijana aitwaye Viktor Frankl, ambaye tangu 1928 alikuwa akiendesha ushauri wa bure kwa vijana mjini humo, aliandika mwaka 1933 kuhusu aliyoyaona kwao. Kijana akikosa kazi hujiona hana faida, na akishajiona hana faida huona hata kuishi hakuna maana. Frankl hakuwa na ajira za kugawa. Aliwashawishi wajitolee kwenye vyama vya vijana, maktaba za umma na madarasa ya watu wazima. Hawakulipwa, na njaa ilikuwa ileile, ila ile huzuni nzito ikawatoka.

Nalisema hili kwa tahadhari, maana najua kujitolea kumewachosha wengi. Zipo ofisi zinazomtumikisha mhitimu miaka miwili bila hata nauli, kwa ahadi kwamba nafasi ikitoka atafikiriwa. Huo ni unyonyaji, ondoka. Mimi nazungumzia kazi ndogo ambayo usipotokea, kuna watu watakwama.

Chukua kikundi cha kuweka na kukopa cha mama yako, Vicoba. Jumamosi jioni wanakaa kwenye mikeka, sanduku lina kufuli tatu na kila ufunguo una mtu wake. Daftari ndilo tatizo: hisa, mikopo, marejesho na faini vimeandikwa kwa kalamu tatu tofauti, safu ya marejesho haiendani na fedha zilizomo sandukuni, na kila mwezi wanagombana. Wewe umesomea mambo hayo. Omba ushike daftari. Ukilinyoosha kwa mwezi mmoja, Jumamosi inayofuata watu ishirini na kitu hawatafungua sanduku mpaka ufike. Endelea kuomba ajira, hilo halina mjadala. Ila utakuwa unaomba ukiwa mtu anayengojwa mahali fulani, na hata kwenye usaili utakuwa na la kueleza.

Kwenye semina wanatuambia kila mtu atafute kusudi la maisha yake. Nimelipa kiingilio mara kadhaa na bado silioni langu. Nina kasoro?

Huna. Wahamasishaji wengi wanalizungumzia kusudi kama hirizi iliyofichwa mahali, ukiipata mambo yote yananyooka. Frankl huyohuyo aliligeuza swali: tuache kuyauliza maisha yana maana gani, kwa sababu maisha ndiyo yanayotuuliza sisi, na tunajibu kwa matendo, kila saa na swali lake.

Hakuyasema hayo akiwa amekaa kwenye kiti cha starehe. Alikuwa Myahudi. Mwaka 1942 Wanazi walimpeleka na familia yake kambi ya Theresienstadt, mwaka 1944 akahamishiwa Auschwitz, kisha kambi zilizokuwa chini ya Dachau. Yeye alikombolewa Aprili 1945, lakini baba, mama, kaka na mke wake hawakurudi. Anasimulia habari za wafungwa wawili waliokuwa wamekata tamaa na kutaka kujiua, kila mmoja akisema hana tena analolitegemea maishani. Mmoja alikuwa na mtoto ampendaye nje ya nchi, anamngoja baba yake. Wa pili alikuwa mwanasayansi aliyeanza kuandika mfululizo wa vitabu, na hakuna mwingine ambaye angeweza kuvimalizia. Hapo hakuna nadharia ngumu. Kuna mtoto, na kuna vitabu.

Kwa hiyo acha kutafuta kusudi moja kubwa la maisha yote. Jiulize mwezi huu nani anakungoja, na ni kazi gani usipoifanya wewe italala.

Frankl alitaja njia tatu ambazo mtu hupata maana: analolifanya au kulitengeneza, analolipokea kwa kupenda na kufurahia mema ya dunia, na namna anavyoyakabili mateso yasiyoepukika. Hiyo ya tatu inatumiwa vibaya sana huku kwetu. Mwanamke anapigwa, anaambiwa avumilie, kuvumilia kutampa thawabu. Frankl alisema wazi kwamba mateso yanayoweza kuondolewa yaondolewe, na kuyabeba bila sababu si ushujaa. Anayepigwa aondolewe kwenye kipigo kwanza, mazungumzo ya maana ya maisha yatafuata.

Mimi ni mtoto wa kwanza. Mshahara ukiingia, simu zinaanza: ada, kodi, dawa za shangazi, kadi za michango ya harusi. Nikikataa naitwa mchoyo. Nitasemaje kuwa maisha ni yangu?

Dada, kukata undugu usithubutu. Nimeshakaa na watu waliowafungia ndugu simu ili wapate nafasi yao. Nafasi waliipata, na upweke pia.

Kinachokuchosha zaidi ni kuamuliwa na simu ya mwisho kupigwa. Mwanzo wa mwaka kaa na wadogo zako wenye kipato, hata kama ni cha bodaboda, mgawane: huyu ada ya fulani, huyu dawa za shangazi, wewe hiki. Michango ya harusi itengee kiasi cha mwaka mzima, na kikiisha kimeisha. Ukiulizwa, usitoe maelezo marefu, maana kila sababu utakayotoa itapata hoja ya kuivunja. Sema, "Mjomba, mwaka huu nimebeba ada ya Neema, la harusi sitaliweza, lakini siku ya shughuli nitakuja kupika." Kisha uende kweli, na kanga kiunoni. Watanuna kwa muda. Wataanza kukuzoea pale watakapoona ulichoahidi kinafika bila kukumbushwa.

Kusema unashika hatamu za maisha yako si kiburi mbele ya Mungu? Yote si majaliwa?

Waislamu wanaijua habari ya mtu aliyemuuliza Mtume kama amwache ngamia wake bila kumfunga na amtegemee Mungu. Aliambiwa amfunge, kisha ategemee. Wakristo wanaijua ya watumwa waliogawiwa talanta, na aliyekaripiwa ni yule aliyeifukia yake ardhini. Sina la kuongeza.

Nitajuaje kama nimekosa tu mwelekeo au naumwa?

Angalia usingizi, chakula na vile ulivyokuwa ukivipenda. Aliyekosa mwelekeo huweza bado kushangilia mpira ukichezwa na kula akipikiwa wali na samaki. Kama kwa wiki mbili au zaidi, karibu kila siku, moyo ni mzito au hakuna kinachokufurahisha, huku usingizi ukiruka au ukizidi, chakula hakishuki, mwili hauna nguvu na unajiona hufai, hiyo inaweza kuwa sonona. Ni ugonjwa, na una tiba. Nenda hospitali iliyo karibu, umweleze daktari hivyohivyo kama nilivyoandika hapa. Muhimbili wana idara ya afya ya akili, Dodoma kuna Mirembe, na Nairobi kuna Mathari. Kama mawazo ya kujiua yanakujia, usilale peke yako leo, mwambie mtu mmoja sasa hivi. Na wewe ndugu wa mgonjwa, usimpe kitabu cha kutafuta kusudi. Msindikize hospitali.

Nilikuwa mwalimu, nimestaafu nikiwa na miaka 60. Naamka saa kumi na moja alfajiri kwa mazoea, navaa, kisha sina pa kwenda.

Shikamoo, mwalimu. Tanzania mtumishi wa umma anaweza kustaafu kwa hiari akiwa na miaka 55 na hulazimika kustaafu akifika 60, na kabla ya hapo hupewa semina. Semina zenyewe zinahusu kikokotoo cha mafao, kuku na nyumba za kupangisha. Asubuhi ya Jumatatu ya kwanza haina mada.

Mafao usiyaingize mwaka huu kwenye biashara ambayo hujawahi kuifanya, hata mwanao akisisitiza. Mshahara umekoma, na pamoja nao umepoteza ratiba, watu wa kusalimiana nao, na watoto waliokuwa wakisimama ukiingia. Fedha hazivirudishi hivyo. Nenda shule iliyo karibu na kwako, umwulize mwalimu mkuu ni watoto wangapi wa darasa la tatu ambao bado hawajamudu KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu. Mwombe watano, siku mbili kwa wiki, hata kwenye stoo ya vitabu. Mwambie hutaki posho. Unataka chaki, na kipande cha ubao.