Si Kila Tatizo la Mkojo ni UTI

Siku hizi mtu akisema mkojo unamchoma, jirani humjibu papo hapo: "Hiyo ni UTI, kanunue dawa." Kwetu sisi wa Tanga, Muheza na Pangani jibu hilo halitoshi, kwa kuwa ukanda wetu una pia kichocho. Tujifunze kuyatofautisha maradhi haya mawili.

UTI ni maambukizi ya njia ya mkojo. Mara nyingi huletwa na bakteria wanaoishi katika utumbo mpana. Wanawake huugua zaidi kwa sababu mrija wao wa mkojo ni mfupi na uko karibu na njia ya haja kubwa. Dalili zake ni hizi:
- maumivu au kuchomwa wakati wa kukojoa;
- kwenda haja ndogo mara kwa mara, mkojo ukitoka kidogo;
- maumivu chini ya kitovu;
- mkojo wenye ukungu, harufu kali, na pengine damu.

Homa, kutetemeka, kutapika na maumivu ya kiunoni huonyesha kwamba figo zimeguswa. Tusidhani ni malaria tu. Twende hospitali siku hiyohiyo. Mjamzito asisubiri hata dalili ndogo.

Kichocho huletwa na minyoo. Vimelea vyake hutoka kwa konokono wa maji yasiyo na chumvi, yaani mito, mabwawa na mashamba ya mpunga, kisha hupenya ngozi. Baharini hatuvipati. Dalili yake kubwa ni damu, hasa mwishoni mwa kukojoa. Kijana akikojoa damu, hiyo si dalili ya kukua. Kisipotibiwa kwa miaka mingi, kichocho huharibu figo na chaweza kuleta saratani ya kibofu. Kwa wanawake husababisha vidonda ukeni, na wengi hudhaniwa bure kuwa wana ugonjwa wa zinaa. Tusiwahukumu.

Antibiotiki za UTI haziui minyoo ya kichocho. Dawa yake ni prazikwanteli. Kwa hiyo, kabla ya kumeza dawa tuombe kupimwa mkojo, na tumweleze mganga kama tuliogelea au kufua mtoni. Mayai ya kichocho huonekana vizuri zaidi katika mkojo wa kati ya saa 4 asubuhi na saa 8 mchana.

Tukutanapo katika jumuiya ndogondogo, tuwaeleze wazazi jambo hili bila aibu. Mtoto anayeogopa kuchekwa hataisema damu aliyoiona.