MADA YA NANE: KUCHAGUA PROGRAMU YA KANZIDATA KWA BIASHARA NDOGO NA YA KATI

Malengo ya mada

Ukimaliza mada hii utaweza:
(a) kueleza tofauti kati ya daftari, lahajedwali na kanzidata;
(b) kutaja na kufafanua vigezo vya kuchagua programu ya kanzidata;
(c) kulinganisha programu mbili kwa kutumia alama zenye uzito;
(d) kujibu swali la insha linalokutaka umshauri mfanyabiashara.

8.1 Utangulizi

Ndugu mtahiniwa, swali la mada hii mara nyingi huja kama hadithi fupi: "Mfanyabiashara fulani ana tatizo la kumbukumbu. Mshauri." Wanafunzi wengi huandika faida za kompyuta ukurasa mzima na kusahau kumshauri yule mtu. Hapa tutamfuata mfanyabiashara mmoja wa mfano mwanzo hadi mwisho, ili uone ushauri unavyojengwa.

Tuchukulie mwenye mashine ya kukoboa mpunga pale Ifakara. Kuanzia mwezi wa Mei mpunga wa bonde la Kilombero huvunwa, na wakulima kutoka Idete, Namawala, Mngeta na Kiberege huleta magunia ghalani kwake. Wengi hawauzi siku hiyo. Wanayaacha wakisubiri bei ipande, kisha wanachukua kidogo kidogo. Kumbukumbu zote zimo katika kaunta buku moja.

Januari mama mmoja anakuja kuchukua magunia yake 7 ya mwisho. Mtoto wake ameingia kidato cha kwanza, na fedha ya sare, madaftari na nauli itatoka humo. Kijana wa ghala anafungua kaunta buku na kumwambia, "Mama, hapa yamebaki 2." Kumbe mkulima mwingine mwenye jina kama lake alichukua magunia 5 mwezi wa Novemba, na yakaandikwa kwenye ukurasa wa huyu mama. Hakuna aliyeiba, lakini mama anarudi nyumbani na deni ambalo si lake, na mwenye mashine amepoteza mteja.

Hilo ndilo tatizo. Usilisahau, maana kila kigezo kitakachofuata tutakipima kwa kuuliza: je, kingemsaidia yule mama?

8.2 Dhana muhimu

Kanzidata (wengine huiita hifadhidata) ni mkusanyiko wa taarifa zinazohusiana, zilizopangwa ili ziweze kutafutwa, kurekebishwa na kutolewa ripoti kwa urahisi.

Jedwali ni kundi la taarifa za kitu cha aina moja, kwa mfano wakulima.
Rekodi ni mstari mmoja wa jedwali: mkulima mmoja.
Uga ni safu moja ya jedwali: kijiji, au namba ya simu.
Ufunguo msingi ni uga ambao thamani yake haijirudii kwa rekodi mbili.
Ufunguo wa nje ni ufunguo msingi wa jedwali moja unapotumika ndani ya jedwali jingine ili kuyaunganisha.

Wazo la kuyaunganisha majedwali kwa namna hii lilielezwa na E. F. Codd wa kampuni ya IBM mwaka 1970, na programu za kanzidata utakazosoma katika mada hii zimejengwa juu yake.

Ghala letu linahitaji majedwali matatu:

WAKULIMA: NambaMkulima, Jina, Kijiji, Simu
MIZIGO: NambaMzigo, NambaMkulima, Tarehe, Aina, Magunia
MATOLEO: NambaToleo, NambaMkulima, Tarehe, Magunia

Sasa tazama rekodi za mkulima namba 0147:

MIZIGO
M001 – 0147 – 12 Juni – SARO 5 – magunia 14
M003 – 0147 – 20 Juni – SARO 5 – magunia 6

MATOLEO
T001 – 0147 – 3 Septemba – magunia 5
T002 – 0147 – 18 Novemba – magunia 8

Salio = (14 + 6) – (5 + 8) = magunia 7

Wakulima wawili wanaweza kuwa na jina moja, hata kijiji kimoja, lakini hawawezi kuwa na namba moja. Mama yetu angepewa kadi yenye namba 0147, na mwenzake angekuwa na namba nyingine. Kosa la Novemba lingekuwa gumu kutokea. Kumbuka pia kwamba kompyuta haimzuii mtu kuandika namba isiyo sahihi ya mtu mwingine. Inachoweza ni kukataa namba isiyokuwepo, na kuonyesha jina na kijiji kabla ya kuhifadhi ili kijana ahakiki.

8.3 Mfano halisi kutoka Ifakara

Kanzidata si jambo geni katika bonde hili. Mwaka 1996, kituo cha utafiti wa afya cha Ifakara, ambacho leo ni Taasisi ya Afya Ifakara, kilianza kufuatilia kaya katika vijiji vya wilaya za Kilombero na Ulanga. Wadodosaji walirudi kwenye kaya kila baada ya miezi minne kuandika waliozaliwa, waliofariki, waliohamia na waliohama. Taarifa ziliingizwa katika programu iliyojengwa kwa FoxPro, mojawapo ya programu za kanzidata za kompyuta za mezani zilizotumika sana miaka ile.

Mfano huu una mafunzo mawili kwako.

Kwanza, kila mtu alipewa namba yake ya kudumu. Bila namba hiyo, mtoto aliyezaliwa Namawala na kuhamia kijiji kingine angehesabiwa kama watu wawili.

Pili, programu huzeeka. Toleo la mwisho kuu la FoxPro, yaani Visual FoxPro 9, lilitoka mwaka 2004. Mwaka 2007 kampuni ya Microsoft ilitangaza kwamba haitatengeneza toleo jingine, na Januari 2015 msaada wake ulikoma. Taarifa za watu hubaki na thamani baada ya programu kufa. Kwa hiyo, uliza mapema: nikitaka kuhama, taarifa zangu zitatoka?

8.4 Vigezo vya kuchagua

(i) Wingi wa taarifa. Usikisie, piga hesabu. Tuchukulie wakulima 600 kwa msimu, kila mmoja analeta mzigo mara 3 na kuchukua mara 4.

600 × (3 + 4) = rekodi 4,200 kwa mwaka

Tukikadiria baiti 200 kwa kila rekodi:

4,200 × 200 = baiti 840,000, yaani chini ya megabaiti 1 kwa mwaka

Kwa miaka 10 ni kama megabaiti 8.4. Faili la Microsoft Access lina kikomo cha gigabaiti 2. Hata lahajedwali ya Excel ina mistari 1,048,576. Kwa hiyo ukubwa si tatizo la ghala hili, na mwanafunzi anayemshauri anunue seva kubwa "kwa sababu taarifa ni nyingi" hajapiga hesabu.

(ii) Idadi ya watumiaji kwa wakati mmoja. Hiki ndicho kigezo kinachotenganisha programu nyingi. Uliza ni watu wangapi wataandika kwa pamoja, si biashara ina wafanyakazi wangapi.

(iii) Gharama. Hesabu leseni, kompyuta, mafunzo na matengenezo. Programu ya bure bado ina gharama ya kujifunza.

(iv) Ujuzi uliopo. Programu nzuri isiyojulikana na mtu yeyote mjini ni mzigo. Ikiharibika msimu wa mavuno, fundi atatoka Morogoro au Dar es Salaam?

(v) Mazingira. Umeme ukikatika katikati ya kuandika, faili linaweza kuharibika. Kompyuta mpakato yenye betri nzima ni afadhali kuliko ya mezani isiyo na akiba ya umeme. Vumbi la pumba nalo ni adui, hivyo kompyuta ikae mbali na mashine.

(vi) Usalama. Majina na namba za simu za wakulima ni taarifa binafsi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamhusu hata mwenye biashara. Nywila na nakala rudufu ni lazima. Nakala isihifadhiwe chumba kimoja na kompyuta.

(vii) Uwezo wa kuhamisha taarifa. Rejea somo la FoxPro.

8.5 Programu zinazopatikana

Lahajedwali (kama Excel). Inajulikana na wengi na inafaa kwa orodha moja na hesabu. Udhaifu wake ni kwamba hailazimishi uhusiano kati ya majedwali. Mtu ataandika "Namawala" leo, "Namawara" kesho na "N/wala" keshokutwa, na ukitaka jumla ya kijiji utapata vijiji vitatu.

Microsoft Access. Ilitoka mara ya kwanza mwaka 1992. Ina majedwali, fomu, maulizo na ripoti mahali pamoja. Inafanya kazi kwenye Windows tu, na leseni hulipiwa. Kikomo chake cha watumiaji kwa wakati mmoja ni 255, ingawa kwa vitendo husuasua mapema kabla ya hapo. Vijana wengi wamewahi kuigusa shuleni au chuoni.

LibreOffice Base. Ni programu huria, haina malipo, na inafanya kazi kwenye Windows, Mac na Linux. LibreOffice ilianza mwaka 2010 ikitokana na OpenOffice.org. Watanzania tuna historia nayo: mwaka 2004 mradi wa Kilinux, ulioshirikisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa OpenOffice kwa Kiswahili kwa jina la Jambo OpenOffice. Udhaifu wa Base ni kwamba kanzidata yake ya ndani imekusudiwa mtumiaji mmoja kwa wakati. Mkiwa wengi, inabidi kuiunganisha na seva.

MySQL na PostgreSQL. Hizi ni kanzidata za seva, zenye matoleo yasiyolipiwa. Zinahimili watumiaji wengi, lakini zinahitaji mtu mwenye ujuzi wa kuzisimamia. Access na Base zote mbili zinaweza kuunganishwa nazo, hivyo biashara inaweza kuanza ndogo na kukua.

8.6 Kufanya uamuzi

Hatua ya 1: ondoa isiyotimiza jambo la lazima. Kwetu sisi jambo la lazima ni uhusiano wa majedwali kwa namba ya mkulima. Lahajedwali inatoka.

Hatua ya 2: toa alama 1 hadi 5 kwa zilizobaki, kisha zidisha kwa uzito wa kigezo.

Kigezo (uzito): Access, Base
Gharama (3): 2 × 3 = 6; 5 × 3 = 15
Ujuzi uliopo (3): 4 × 3 = 12; 3 × 3 = 9
Watumiaji kwa pamoja (2): 4 × 2 = 8; 2 × 2 = 4
Kuhamisha taarifa (2): 4 × 2 = 8; 4 × 2 = 8
Jumla: Access 34, Base 36

Ghala lenye kaunta moja na kijana mmoja anayeandika litachagua Base.

Hatua ya 3: jaribu hali ikibadilika. Mwenye mashine akifungua kaunta ya pili, watumiaji kwa pamoja wanakuwa jambo kubwa. Tupandishe uzito wake kutoka 2 hadi 5:

Access: 6 + 12 + 20 + 8 = 46
Base: 15 + 9 + 10 + 8 = 42

Jibu limegeuka. Huu ndio moyo wa mada: hakuna programu bora kwa kila biashara. Iko inayofaa biashara hii, kwa hali hii.

Hatua ya 4: usitupe kaunta buku mara moja. Endesha vyote viwili kwa muda, ukilinganisha masalio kila jioni. Yakikubaliana ndipo uhamie.

8.7 Makosa ya kuepuka katika mtihani

1. Kutaja kigezo bila kukieleza. "Gharama" peke yake haitoshi. Andika gharama ya nini, na inamwathiri vipi mfanyabiashara wa kwenye swali.
2. Kutumia jina la mtu kama ufunguo msingi. Majina hujirudia. Hata namba ya simu hubadilika, na wapo wanaotumia simu moja nyumba nzima.
3. Kuhifadhi salio kama uga wa kuandikwa kwa mkono. Salio hukokotolewa kutoka MIZIGO na MATOLEO.
4. Kumaliza bila kuchagua. Swali likisema "mshauri", lazima utaje programu moja na utoe sababu.

8.8 Zoezi

1. Eleza maana ya ufunguo msingi, kisha toa sababu mbili za kutotumia jina la mkulima kama ufunguo msingi. (alama 5)
2. Duka la pembejeo pale Mang'ula lina wateja 900. Kila mteja hununua mara 6 kwa mwaka, na kila rekodi ya mauzo ina baiti 250. Kokotoa ukubwa wa taarifa za mauzo kwa miaka 5. (alama 5)
3. Zahanati ndogo ina wahudumu watatu wanaoingiza taarifa za wagonjwa kwa wakati mmoja. Mshauri programu ya kanzidata, ukitumia vigezo vinne. (alama 10)

Vidokezo vya majibu

Swali la 1: Ufunguo msingi ni uga wenye thamani isiyojirudia, unaoitambulisha rekodi moja tu. Sababu: watu wawili wanaweza kuwa na jina moja, jina la mtu mmoja linaweza kuandikwa kwa tahajia tofauti.

Swali la 2: 900 × 6 = rekodi 5,400 kwa mwaka. 5,400 × 250 = baiti 1,350,000. Kwa miaka 5 ni baiti 6,750,000, yaani takriban megabaiti 6.75.

Swali la 3: Watumiaji watatu kwa pamoja wanaiondoa Base inayojitegemea. Kubali Access kwenye mtandao wa ndani, au Base iliyounganishwa na seva kama MySQL, ilimradi sababu zilingane na uchaguzi. Taarifa za afya ni nyeti, kwa hiyo jibu lisilogusa usalama halijakamilika.