Jiko la Gesi Likisumbua: Mwongozo kwa Wapishi wa Vibandani Mtwara

Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wameachana na kuni na mkaa ifikapo mwaka 2034. Mama lishe, wakaanga samaki na wauza chipsi wengi wa Mtwara mjini, Mikindani na Msimbati wameshahamia kwenye mtungi, lakini wachache wamefundishwa la kufanya jiko linapogoma. Kilio cha kwanza huwa kwamba gesi imechakachuliwa. Mara nyingi mtungi hauna kosa. Katika pwani hii mharibifu mkubwa ni chumvi ya hewani.

Hata hivyo anza na mtungi, maana ndio rahisi kuukagua. Kuutikisa hakusaidii. Uzito wa mtungi mtupu umeandikwa juu yake: weka mtungi kwenye mizani, toa uzito huo, kinachobaki ni gesi. Dai kupimiwa hivyo kwa wakala kabla hujalipa. Gesi ikiwa imo, lakini moto unafifia baada ya kukaanga kwa muda mrefu na mtungi umekuwa baridi kupita kawaida, jiko linavuta gesi kuliko uwezo wa mtungi. Ndani ya mtungi gesi ni kimiminika, na kila kinapogeuka kuwa mvuke hupoa. Kikipoa sana, msukumo hupungua. Mtungi wa kilo 6 haulishi jiko kubwa la chipsi kutwa nzima. Hamia wa kilo 15 au 38. Kuusogeza mtungi karibu na moto ili upate joto ni hatari ya kufa mtu.

Regulata ikishika kutu au ikilegea kwenye vali, nunua nyingine. Haifunguliwi wala haichokonolewi. Mpira ukunje kwa vidole: ukionyesha nyufa, umelainika kwa mafuta ya samaki au umeguguniwa na panya, utoe leo hii.

Sasa tazama moto wenyewe, maana ndio unaosema mengi. Moto mzuri ni wa buluu, mfupi, usioyumba. Ukiwa wa njano na kuacha masizi kwenye sufuria, gesi haichanganyiki na hewa ya kutosha, na moto wa namna hiyo hutoa kaboni monoksaidi, sumu isiyo na harufu. Lakini usichanganye mambo: ukiona cheche za rangi ya chungwa zinazokuja na kupotea bila masizi, hiyo ni chumvi ya bahari inayong'aa motoni, na jiko lako ni zima.

Moto wa njano una tiba. Funga mtungi, acha jiko lipoe, vua vichwa vyake. Chungulia bomba fupi linalopeleka gesi kwenye kichwa: buibui hupenda kutanda humo, hasa jiko likikaa siku kadhaa bila kuwashwa. Safisha kwa brashi nyembamba. Vichwa vioshe kwa maji ya vuguvugu na sabuni, uondoe kutu na uji uliomwagikia, uvikaushe kabisa kabla ya kuvirudisha. Kitundu kinachotolea gesi kisafishe kwa mswaki mkavu. Usikitoboe kwa sindano wala waya, kwani kikitanuka gesi itazidi na jiko halitatulia tena.

Jiko likizima mara tu unapoachia kitufe, angalia kijiti kidogo cha chuma kilichosimama kando ya moto. Kazi yake ni kukata gesi moto unapozimika. Kikifunikwa na mafuta hakihisi joto. Kifute kwa kitambaa.

Wanaotumia gesi ya bomba wawe makini zaidi. Gesi ya Mnazi Bay, iliyogunduliwa mwaka 1982, ni methani karibu tupu. Ya mtungi ni propani na butani. Ujazo uleule wa propani una joto zaidi ya maradufu, kwa hiyo vitundu vya jiko la bomba ni vikubwa. Jiko hilo ukiliunga kwenye mtungi bila fundi kubadili vitundu, moto utaruka juu, wa njano.

Zinavuja tofauti pia. Methani hupanda darini, ya mtungi hushuka sakafuni na kujikusanya. Kibanda kilichozibwa chini kuzuia upepo wa kusi huibana gesi humo humo, hivyo acha uwazi usawa wa ardhi. Kila unapobadilisha mtungi, paka povu la sabuni kwenye maungio. Likitoa mapovu yanayokua, panavuja. Usijaribu kwa kiberiti. Ukinusa gesi, funga vali, zima moto wote wa jirani, usiguse swichi ya taa, watoe watu. Mtungi unaovuja kwenye vali hautengenezwi kibandani: kama unaweza bila kujihatarisha, utoe nje penye upepo, simama mbali, na upige 114, namba ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji.